Madarasa tumejengewa, pesa ya kuyaendesha iko wapi? Walimu wakuu tuseme

Mwl_Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Bagamoyo. Jina la shule na kata naviacha, utumishi wa umma mnaujua. Humu elimu inajadiliwa kila wiki na wanasiasa, wazazi na watu wa asasi. Sisi tunaoshika funguo za ofisi tunatajwa matokeo yakitoka au choo kikititia. Leo naomba tuseme wenyewe.

Hoja yangu ni hii: pesa ya kujenga shule imekuja, tena nyingi, mwenye macho haambiwi tazama. Pesa ya kuendesha shule imebaki pale pale ilipokuwa enzi hizo. Na mwalimu mkuu anawajibika kwa zote mbili bila kuwa na sauti kwenye yoyote kati ya hizo.

Tuanze na hesabu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, mtoto wa shule ya msingi aliwekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazoshuka kwenye akaunti ya shule. Gawa kwa miezi kumi na miwili: mtoto mmoja, mwezi mmoja, shilingi 500. Nendeni dukani kwa Mangi mkaulize soda bei gani.

Shule ya watoto 1,000 inapata laki tano kwa mwezi. Humo humo kuna chaki, karatasi, mitihani, vitasa vilivyovunjika, mpira wa michezo, umeme, maji na nauli ya kupeleka makaratasi mjini. Chukua mtihani wa mwezi peke yake. Masomo sita, kila somo karatasi moja mbele na nyuma, ni karatasi 6,000. Hizo ni rimu 12. Ukibahatisha duka la 12,000 kwa rimu, 144,000 imekwenda kabla hujagusa wino wala kumlipa mwenye mashine. Bado hujanunua chaki.

Na hizo 10,000 hazikuzaliwa 2016. Ni kiwango cha MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002, wakati mtoto alikadiriwa dola 10 na dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi elfu moja. Leo dola ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwenye kikokotoo apige mwenyewe.

Sasa njoo upande wa ujenzi. Fedha za UVIKO-19, ule mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile za watoto walio mbali na shule mama. Ikaja miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, kila moja dola milioni 500 za Benki ya Dunia. Sibezi hata kidogo. Nimefundisha chini ya mwembe, najua sakafu ina maana gani. Lakini fedha hizi tunajenga kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, kwa mafundi wa mtaani na kamati za wananchi, na anayekaa katikati ya yote hayo ni mwalimu mkuu.

Nawapa siku moja tu ya nilikotoka, kabla sijahamia huku. Niko darasa la saba, tunajumlisha sehemu zenye asili tofauti. Lori la mchanga linapiga honi. Dereva hashushi mpaka mwenye shule asaini. Natoka na chaki mkononi. Wajumbe wa kamati ya mapokezi mmoja yuko shamba, mwingine msibani. Nauchukua mchanga kiganjani, naugusisha ulimi: chumvi. Mchanga wa pwani, huo ukijengea plasta itabanduka kabla ya mwaka. Nikaukataa. Dereva akampigia mzabuni, mzabuni akampigia mtu wake, na robo saa haijaisha nikapigiwa mimi: "Mwalimu, mbona unachelewesha mradi wa serikali?" Kipindi cha hesabu kikaishia hapo. Watoto wale walifanya mtihani wa taifa na sehemu zenye asili tofauti ziliulizwa.

Halafu hesabuni wakubwa zetu. Sera, mitaala na uthibiti ubora vipo Wizara ya Elimu. Uendeshaji wa shule upo TAMISEMI, kwa wenye tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nidhamu na vyeo vya walimu ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Mkurugenzi wa halmashauri ana maagizo yake, mkuu wa wilaya ana yake, diwani ana ahadi zake za kampeni, afisa elimu kata anataka takwimu kabla ya saa nne. Mwalimu wa hisabati nikimhitaji siwezi kumwajiri, na mwalimu mtoro siwezi kumwondoa. Hata ile ruzuku ina mafungu yaliyopangwa tayari. Lakini ufaulu ukishuka, wote hao wanalijua jina moja.

Walimu wakuu wenzangu, wakuu wa shule za sekondari, wastaafu, wazazi, karibuni. Matusi sijibu.

---

Bodaboda Msomi

Si mnapewa posho ya madaraka laki mbili kila mwezi? Na hicho cheo hamkulazimishwa. Acheni kulia lia.

---

Mwl_Pwani

Bodaboda Msomi, ni kweli. Tangu 2016 mwalimu mkuu wa msingi anapata 200,000, mkuu wa sekondari 250,000 na afisa elimu kata 250,000. Namshukuru aliyelileta. Ila nakuuliza wewe uliye kwenye usafiri: mtu akitoka Fukayosi au Makurunge kuja Bagamoyo mjini benki na kurudi, mara ngapi kwa mwezi, unamtoza ngapi? Bando la kuingiza taarifa kwenye mifumo nalo anatoa nani? Ile posho ndiyo fungu la dharura la shule, ingawa hakuna waraka unaosema hivyo.

---

Mzee wa Dunda

Mwalimu, hujambo. Mimi ni mstaafu, nimeshika shule tatu tofauti za mkoa huu na nilipita chuo cha uongozi wa elimu, MANTEP, hapa hapa Bagamoyo kabla haijawa ADEM mwaka 2001. Nataka nikukubalie nusu na nikukatalie nusu.

Nusu ya kukubali ni kiwango. Huwezi kuendesha shule ya sasa kwa bei za 2002.

Nusu ya kukataa ni pale unaposema pesa imebaki pale pale. Hukuwepo, ndiyo maana. Enzi za MMEM kiwango kilikuwa kizuri kwenye karatasi, lakini fedha ilipita halmashauri kwanza, ikija kwa robo, na ikija imekatwakatwa, hujui imekatwa na nani. Tumewahi kufunga mwaka tukiwa tumeona sehemu tu ya ile dola 10. Kilichobadilika 2016 ni kwamba fedha inatoka Hazina inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kila mwezi. Mwanzoni walikuwa wanatoa bilioni 18.77 kwa mwezi kwa nchi nzima. Ndogo, ndiyo, lakini unajua itakuja. Kwa mwalimu mkuu wa zamani, kujua tu kwamba itakuja kulikuwa ndoto.

Kinachonisumbua mimi ni uongozi. Chuo cha uongozi wa elimu cha nchi nzima kipo hapa mjini kwetu. Walimu wakuu wanatoka Kigoma na Ruvuma kuja kusoma stashahada ya uongozi na utawala ADEM, wanapanga vyumba kwetu, wanakula pweza wetu pale pwani. Lakini utaratibu wa kumpata mwalimu mkuu bado ni ule ule: mwalimu hodari wa Kiswahili au Sayansi anapigiwa simu Ijumaa, Jumatatu anakabidhiwa ofisi, mhuri na deni la maji. Kusoma uongozi kunafuata baadaye, kama kutafuata. Katikati hapo anajifunza bajeti kwa kuandikiwa hoja ya ukaguzi. Wakati wetu wa UPE, elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, tulisema ni dharura, wakachukuliwa vijana wa darasa la saba wakafundishwa kazi huku wanafanya. Leo hakuna dharura ya namna hiyo, walimu wenye shahada wamejaa mtaani. Kwa nini mtu asisomee uongozi kwanza ndipo akabidhiwe shule?

---

Mwl_Pwani

Shikamoo mzee. Hapo kwenye mhuri na deni la maji umenigusa. Mimi nilikabidhiwa na ndoo ya funguo zisizo na vitasa vyake.

Hilo la fedha kuja kila mwezi nimelipokea. Ila mzee, kujua kwamba 500 itakuja hakuifanyi iwe 1,000.

---

Mama Kerege

Samahanini walimu, na mimi mzazi niseme.

Mnaongea kana kwamba wazazi hatutoi chochote. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, tukapumua. Sasa imerudi kwa majina mapya. Kuna ya mtihani, ya mlinzi, ya uji, ya mwalimu wa kujitolea, na kwa darasa la saba kuna ya "kambi". Hakuna inayoitwa mchango, zote zinaitwa "makubaliano ya wazazi". Mkutano wenyewe wanakuja watu arobaini, shule ina watoto mia nane. Nikikosa kutoa, mtoto wangu anaambiwa asimame mbele ya wenzake. Nauza samaki wa kukaanga, sio kwamba sina utu, siku nyingine sina pesa.

Mimi nisingekataa kutoa. Nakataa kutoa gizani. Nimeuliza uji wa mwezi uliopita ulitumia kilo ngapi za unga na sukari, nikajibiwa "mama, wewe una maneno".

---

Mwl_Pwani

Mama Kerege, kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake ni kosa, sitalitetea hata kidogo. Waraka uko wazi kwamba mtoto hazuiwi masomo wala haadhibiwi kwa sababu ya mchango. Aliyefanya hivyo andika kwa afisa elimu kata, na barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Ila niseme na ukweli mwingine. Sare, madaftari, na chakula cha mtoto wa kutwa viliachwa kwa mzazi tangu mwanzo wa elimu bila ada. Serikali iliondoa ada, haikusema itampikia mtoto. Wananchi wengi walisikia "bure" wakaishia hapo. Mlinzi hayumo kwenye ruzuku, mpishi hayumo. Kwa hiyo mwalimu mkuu ana milango miwili: aende kwa wazazi akaitwa mwizi, au akae kimya kompyuta za shule ziibiwe akaitwa mzembe. Mimi nimechagua wa kwanza.

---

Hesabu Tu

Nimefanya kazi ya uhasibu serikali za mitaa, mikoa miwili, si Pwani. Niwapake walimu chumvi kidogo kwenye kidonda.

Kweli pesa ni ndogo. Lakini hata hiyo ndogo walimu wakuu wengi wanaipoteza kwa mambo mawili.

La kwanza ni takwimu. Ruzuku inafuata idadi ya watoto iliyomo kwenye mfumo, haiwafuati wanaokaa kwenye madawati. Shule za ukanda huu wa Mapinga na Kerege zinajaa kila muhula, watu wanahama Dar wanajenga huku, watoto wanahamia na barua mkononi. Kama uhamisho haujakamilika kwenye mfumo, yule mtoto yuko kwako kwa chaki na choo, lakini 500 yake inaingia shule aliyotoka. Nimewahi kukaa na mwalimu mkuu tukalinganisha rejesta zake za mahudhurio na mfumo, pengo lilikuwa darasa zima. Alikuwa amelalamika mwaka mzima kwamba anaibiwa, na hakuna aliyemwibia.

La pili ni makaratasi. Mfumo wa FFARS, wa hesabu na taarifa za fedha za vituo, umekuja 2017 ili kila shilingi ya shule ionekane. Mwalimu analipa fundi kwanza, vocha anaandika mwisho wa mwezi akikumbuka. Risiti ya mashine ya kodi (EFD) haipo, muhtasari wa kikao hauna sahihi ya mwenyekiti wa kamati. Mkaguzi akija hana namna, anaandika hoja. Mwalimu hakula hata senti, ila kwenye karatasi anafanana kabisa na aliyekula.

---

Mwl_Pwani

Hesabu Tu, la takwimu nimekupa maksi zote. Wenzangu mnaosoma, Jumatatu fanyeni huo ulinganisho.

La makaratasi nakurudishia swali. Halmashauri kuna mhasibu, mtunza stoo, afisa ununuzi na mkaguzi wa ndani, kila mmoja na cheti chake. Shule ya msingi hao wote ni mtu mmoja, naye ana vipindi. Tumepewa mfumo wa FFARS, ukaja wa ununuzi wa NeST, tuna wa usajili na uhamisho, tuna wa takwimu za wanafunzi. Kila mfumo una nywila yake na semina yake ya siku mbili. Mhasibu wa shule hajaja. Tungepewa karani mmoja wa fedha kwa kata nzima, anazunguka shule tano au sita, hoja nusu zingekufa zenyewe. Hilo ndilo ombi langu la kwanza kwa serikali, hata kabla ya kuongeza kiwango.

---

Hesabu Tu

Karani wa kata naunga mkono. Na gharama yake si kubwa kuliko hasara ya plasta yako ya chumvi.

---

Kidato Pwani

Niko upande wa sekondari, mkuu wa shule, si mbali na hapo mlipo.

Sisi tuko nafuu kidogo kimahesabu. Ruzuku ni 25,000 kwa mwanafunzi, nusu inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 12,500 inakuja. Juu yake kuna fidia ya ada, 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Bweni wana chakula 1,500 kwa siku kwa kichwa. Chai, mchana, usiku. Sitasema zaidi, mwenye kwenda sokoni anaelewa.

Mimi nataka kuzungumzia sera, maana hela ndogo tumeizoea, sera mpya bado. Sera ya Elimu ya 2014 Toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Maana yake kumaliza msingi hakutakuwa tena mwisho wa safari kwa yeyote. Wote wanakuja kwangu, pamoja na yule ambaye zamani angefeli akabaki kuvua na baba yake. Jambo jema sana. Ila nani ameniuliza nina viti vingapi?

Na kuna mkondo wa amali ulioanza Januari 2024. Ushonaji, useremala, umeme, kilimo na kadhalika, mwanafunzi anatoka na ujuzi. Mimi ni muumini wake kabisa. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere 1967 ilitaka kitu cha jamaa hiyo, ikaishia mahali pengi kwenye kulima shamba la mwalimu. Safari hii wasiwasi wangu ni huu: karakana haili chaki. Inakula mbao, waya, vitambaa, sindano za cherehani, umeme wa kuendeshea mashine. Ukimnunulia mwanafunzi wa useremala ubao mmoja tu wa kujifunzia kwa muhula, 12,500 yake ya mwaka imekwisha na bado hajaandika mtihani. Tukiendesha amali kwa ruzuku ya chaki, watoto watajifunza useremala kwa kuchora randa ubaoni.

---

Mzee wa Dunda

Kuchora randa ubaoni! Tumefanya hivyo wallahi. Sayansi Kimu, jiko tulilichora.

---

Mdigo wa Mkinga

Natokea Tanga, upande wa Horohoro mpakani na Kenya, nina shule ya kijijini.

Mama Kerege, suala la uji sisi tulilimaliza kwa kuacha kukusanya fedha. Kila kaya inaleta mahindi na maharage wakati wa mavuno, debe linapimwa mbele ya watu, linaandikwa kwenye daftari la kamati, na stoo ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa mwenyekiti wa kamati, mwingine kwa mama aliyechaguliwa na wazazi, mwalimu hana hata mmoja. Asiye na shamba analeta kuni au anapika zamu. Mahudhurio ya watoto wadogo yamekuwa mazuri mpaka tunashangaa. Nazi ya makande nayo wanaleta wenyewe bila kuagizwa, Tanga ni Tanga.

Kitu kingine. Majirani zetu Kenya wakuu wa sekondari wana mkutano wao mkubwa kila mwaka pale Mombasa. Wanamwambia waziri uso kwa uso kwamba kapitesheni, yaani ruzuku ya wanafunzi, imechelewa, magazeti yanaandika. Kule fedha ya mwaka inagawiwa kwa mihula, asilimia 50, 30 na 20, na ikichelewa shule zinakopa chakula. Kwa hiyo hawana nafuu kuliko sisi kwa ujio wa fedha, hapo mzee amesema kweli. Walichotuzidi ni kuthubutu kusema. Sisi TAHOSSA ya wakuu wa sekondari ipo, CWT, chama cha walimu, ipo, lakini mkuu wa shule akiulizwa na kiongozi "changamoto zenu?" anaanza na "tunaishukuru serikali" na anamalizia hapo hapo.

---

Kidato Pwani

Mdigo, utathubutu vipi wakati cheo hakina ulinzi? Ukuu wa shule si daraja la utumishi, ni dhamana. Leo unayo, kesho barua ya mistari mitatu unarudi kufundisha vipindi 24. Nimeona mwenzangu akivuliwa baada ya picha ya choo cha shule kusambaa kwenye simu. Choo kilikuwa kibovu kweli. Alikuwa ameandika barua tatu kuombea fedha za hicho choo.

---

Mwl_Pwani

Na vyoo vyenyewe vina hesabu yake. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 1,000, nusu kwa nusu, inadai matundu 25 na 20, jumla 45. Ukiongezewa madarasa mawili mapya unashangilia, kumbe umeongezewa watoto 90 na pengine hujaongezewa tundu hata moja. Tundu likijaa, gari la majitaka linalipwa na fungu gani? Ukarabati mdogo. Ambao tayari ulinunua vitasa.

---

Ticha Bila Cheki Namba

Mimi ndiye yule "mwalimu wa kujitolea" mnayemtaja kama ankara.

Nina shahada ya ualimu, nafundisha Hisabati na Sayansi darasa la tano mpaka la saba, niko shule ya umma moja ya ukanda wa pwani. Nalipwa na wazazi kupitia kamati, 80,000 wakijitahidi, mwezi mwingine inakuja 50,000 na samli ya maneno. Usaili wa ajira nimefanya, nasubiri. Vipindi vyangu ni vingi kuliko vya walioajiriwa wawili kwa pamoja, sisemi kwa ubaya, ikama, idadi ya walimu wa shule, ndiyo ilivyo.

Ninachotaka walimu wakuu mjue: tunabaki au tunaondoka kwa sababu yenu. Shule ya kwanza niliyokwenda, mwalimu mkuu alinitambulisha kwa watoto kama "huyu anasaidia saidia". Nilikaa muhula mmoja. Hapa nilipo, mama mkuu wetu alinipa darasa, meza yenye droo, na akaniandikia barua ya utambulisho yenye namba ya kumbukumbu ili siku ya usaili niwe na ushahidi wa uzoefu. Pesa ni ile ile ndogo. Siku wazazi waliposhindwa kunilipa aliniita ofisini akanieleza mapema, hakusubiri nimuulize tarehe 30. Hakuna waraka uliomtuma kufanya hivyo, na hakuna ruzuku iliyotumika.

---

Mzee wa Dunda

Binti yangu, hicho alichofanya huyo mama ndicho wangefundishwa wote kabla ya kukabidhiwa mhuri.

---

Bodaboda Msomi

Nimesoma uzi wote. Fukayosi mpaka mjini na kurudi siyo pesa ndogo, na mwalimu akiniomba "nitakupa tarehe 25" huwa nakubali. Naondoa ile "kulia lia". Lakini la Mama Kerege halijajibiwa. Hesabu za shule zinabandikwa wapi?

---

Mwl_Pwani

Zinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, kila mwezi. Mzazi yeyote ana haki ya kusoma, na kamati ya shule ina wajumbe waliochaguliwa na wazazi ambao wanapitisha matumizi kabla fedha haijatoka. Mama Kerege, usimuulize mwalimu wa zamu kuhusu unga. Muulize mjumbe wako wa kamati kwa jina, kwenye mkutano, mbele ya watu. Kama hakuna ubao, muulize kwa nini hakuna. Kwangu ubao upo dirishani, na nawaambia ukweli, wanaousoma ni wavulana wa darasa la saba wakisubiri zamu ya kupiga penalti.

---

Mama Kerege

Nitakwenda. Na nitakwenda na wenzangu wa sokoni, wawe zaidi ya arobaini.

Ila nimeshtuka alichosema mwalimu wa sekondari, kwamba msingi ni miaka sita. Nina wawili. Wa kiume alianza la tatu mwaka 2024, dada yake mwaka huo alikuwa la nne. Wanamaliza lini?

---

Kidato Pwani

Mama, mtaala mpya ulianza Januari 2024 na awali, la kwanza na la tatu. Kwa hiyo wa kiume yumo kwenye mpya, anamaliza la sita mwaka 2027. Dada yake yuko kwenye wa zamani, anamaliza la saba mwaka 2027. Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza pamoja. Ndivyo itakavyokuwa nchi nzima, mikupuo miwili kwa mlango mmoja. Ndiyo maana niliuliza habari ya viti.

---

Mama Kerege

Wote wawili siku moja? Sare mbili, viatu jozi mbili, mabegi mawili, na mchango wa dawati mara mbili?

---

Kidato Pwani

Dawati usitoe kabla hujaonyeshwa kibali cha huo mchango. Sare anza kudunduliza sasa, na mwambie fundi ya kiume aache upindo mrefu, huyo atakuwa mdogo kwa mwaka mmoja kuliko darasa alilozoea mwalimu yeyote wa sekondari.